Pamba Juu ya Jiko

Majina yalibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ukuta wa ofisi ya chama cha ushirika, na sisi wanabendi kumi na mmoja tulikwenda kuyasoma pamoja, kama tulivyozoea kwenda kila mahali pamoja. Zilikuwa karatasi mbili. Ya kushoto ilikuwa ya waliopunguzwa kazi. Ya kulia ilikuwa ya wachache ambao wangechukuliwa na kampuni binafsi iliyokuwa imekodi kinu cha kuchambulia pamba. Wenzangu kumi walijikuta kushoto. Jina langu lilikuwa kulia, la tatu kutoka juu.

Nimeshavuka miaka sabini sasa, na Mungu amenijalia kusahau mambo mengi. Siku ile sijaisahau. Mpiga besi wetu aliifuata karatasi ya kulia kwa kidole mpaka akafika kwenye jina langu, kisha akasoma cheo kilichoandikwa mbele yake.

"Mkaguzi wa pamba, daraja la kwanza," alisema. "Kaka, hongera. Mimi niliyelinda ghala kwenye karatasi nimefukuzwa. Wewe uliyekagua pamba kwenye karatasi umepewa kiti."

"Lazima wamekosea," nilisema.

"Hawajakosea. Sasa utayaimbia marobota."

Wenzetu walicheka. Mimi nikaenda kukaa kwenye ngazi.

Inafaa nieleze hapa, maana vijana wa leo hawajui bendi zile zilivyoishi. Chama cha ushirika kilikuwa na bendi, kikanunua magitaa na vipaza sauti, kikatupeleka vijijini msimu wa kununua pamba. Lakini katika orodha ya vyeo vya chama hapakuwa na cheo cha mwimbaji. Kwa hiyo kila aliyeajiriwa aliandikwa palipokuwa na nafasi. Mpiga ngoma alikuwa dereva wa trekta, ingawa hakujua hata kuliwasha. Mpiga besi alikuwa mlinzi. Mwaka niliofika mimi, idara ya ubora wa pamba ilikuwa na pengo, basi nikaandikwa mkaguzi. Nilipandishwa cheo mara mbili. Ya pili ilikuja mwezi mmoja baada ya kuimba kwenye harusi ya binti wa mkubwa mmoja. Kwa miaka kumi na minane faili langu lilinenepa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuishika pamba isipokuwa kuzibia masikio spika zilipokuwa karibu mno.

Sikuona kama ni uongo. Nilikuwa mtoto wa katekista wa Ukerewe, nimesoma miaka miwili chuo cha makatekista, na huko ndiko nilikojifunza kusoma nota. Niliacha chuo kwa ajili ya gitaa, na baba alinisamehe kabla hajafa. Hata katika bendi sikukosa misa ya Jumapili. Nilikaa benchi la nyuma, nikamshukuru Mungu kwa mkate wangu, na sikujiuliza mkate huo uliandikwaje.

Baada ya siku ile ya majina, kila mmoja wetu alilazimika kujiuliza mwimbaji wa umri wetu anakwenda wapi. Mpiga besi alikwenda machimboni upande wa Geita. Alinihimiza tufuatane. "Kule watu wana fedha na hawana burudani," alisema. Nilikuwa na watoto wanne shuleni na mke ambaye hakutaka kusikia habari za machimbo. Tajiri mmoja aliyekuwa akisafirisha minofu ya sangara nje ya nchi alikuwa amefungua ukumbi karibu na ziwa, nikaenda kujaribiwa. Walinipa kipaza sauti, wakawasha kinanda ambacho ngoma na besi vilikuwa ndani yake, na kijana mmoja tu akikibonyeza. Niliimba. Tajiri alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sauti ipo, mzee," alisema. "Kiuno je?"

Nilimwambia kiuno kilikuwa na miaka arobaini na tisa. Alinipa soda, tukaagana vizuri.

Basi nilibaki na ule ukaguzi. Sikuwa na ujasiri wa kuukataa, na nilikuwa na wiki mbili kabla ya msimu kufunguliwa. Nikamwambia mke wangu ukweli, kwamba sijui tofauti ya pamba safi na pamba fifi. Hayo ndiyo madaraja mawili ya pamba. Safi ni nyeupe, kavu, iliyofunguka vizuri. Fifi ni ile yenye madoa, iliyoliwa na wadudu au iliyochafuka, na bei yake huwa ya chini.

"Hujui?" aliuliza. Alikuwa anachagua mchele. "Miaka yote hii umekuwa ukiniambia umerudi kutoka kwenye pamba."

"Nilikuwa nimerudi kutoka kuimba kwenye pamba."

Aliweka ungo chini. Alikuwa amezaliwa na wakulima wa Magu, na kama watoto wote wa huko alikuwa amechambua pamba tangu hajajua kuhesabu. Alikwenda kwa mjomba wake akarudi na kikapu kilichojaa, akakimwaga juu ya shuka sakafuni mwa chumba chetu cha kupanga pale Mirongo. Kila jioni nilipiga magoti mbele ya shuka ile.

"Hii?" angeuliza.

"Safi."

"Geuza. Tazama karibu na mbegu."

Ningegeuza na kukuta doa la njano.

"Fifi," ningesema.

"Pamba ya mkulima imeshapanda mizani, ndiyo unasema fifi. Anza tena, bwana mkaguzi."

Alinifundisha kutumbukiza mkono katikati ya gunia, maana wajanja huweka nyeupe juu. Alinifundisha kusikia unyevu kwa kiganja na kunusa. Baada ya wiki mbili nilikuwa napata nane katika kumi. Hizo mbili zilizobaki ndizo zilizoninyima raha, kwa sababu zilikuwa jasho la mtu mwingine.

Kampuni ilinipeleka kwenye kituo cha kununulia ng'ambo ya pili ya ghuba ya ziwa, mwendo mfupi kutoka Busisi. Kila Jumatatu nilivuka kwa pantoni kutoka Kigongo na kila Jumamosi nilirudi nyumbani. Kituo chenyewe kilikuwa banda la mabati, mizani ya kuning'iniza, meza yangu, na karani wa mizani, mtu mzima mwenye maneno mengi aliyekuwa ameajiriwa siku moja na mimi.

Sijui kama naweza kueleza hofu ya majuma yale. Haikuwa hofu ya simba, ambayo huja na kuondoka. Hii ilikaa nami mezani. Kila gari la kampuni lilipotokea barabarani nilidhani wamegundua. Kila mkulima aliponitazama usoni mara mbili niliinamia kitabu. Uso wangu haukujulikana sana, ila sauti yangu ilikuwa imesikika redioni miaka mingi, na nilijua nikifungua kinywa sawasawa mtu atasema, "Huyu si yule mwimbaji?" Halafu atauliza mwimbaji anafanya nini na pamba yake. Kwa hiyo nilijifunga skafu shingoni, nikasema nina ugonjwa wa koo, nikawa nanong'ona.

"Mzee, hilo koo lako haliponi," karani alisema wiki ya tatu. "Kunywa mafuta ya samaki."

"Nitakunywa," nilinong'ona.

"Unanong'ona kama unaungamisha watu. Wakulima wananiuliza kama wewe ni padri."

Nilicheka kwa pumzi tu. Alikuwa mtu mwema, na nilimwogopa kuliko wote kwa sababu alikaa karibu nami.

Wiki ya tano alikuja mzee mmoja na baiskeli mbili, moja anaisukuma yeye, nyingine mkewe. Kila moja ilikuwa na gunia. Mzee alikuwa na umri wa kuweza kunizaa. Nilimwamkia kwa kunong'ona, akaitikia, akafungua gunia la kwanza kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayefungua zawadi aliyomletea mwenzake.

Nilitumbukiza mkono. Pamba ilikuwa kavu kabisa, imechambuliwa vizuri, haina jani wala doa la mdudu. Lakini ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na nilipoinusa ilinuka moshi. Nilifungua gunia la pili. Moshi.

"Fifi," nilinong'ona.

Mzee hakuelewa. Karani akarudia kwa sauti, "Fifi, mzee. Magunia yote mawili."

"Fifi kwa nini?" mzee aliuliza. Hakuwa na hasira. "Itazame vizuri, bwana mkaguzi. Mke wangu ameichambua kwa siku tisa."

"Imeshika moshi, mzee," karani alisema. "Mliiweka wapi?"

"Mahali pake."

"Mahali pake ni wapi?"

"Juu ya jiko, darini. Kama tulivyoimbiwa."

"Nani kawaimbia hivyo?"

"Si chama? Walikuja na bendi hapa, wakati wajukuu wangu wadogo. Na redioni tukausikia tena." Akakohoa kidogo, akaimba pale pale mbele ya meza yangu, kwa sauti kavu ya uzee, lakini bila kukosea hata nota moja:

"Ukishavuna, ewe mkulima, weka darini, juu ya jiko."

Ulikuwa wimbo wangu. Maneno yangu, sauti yangu.

Niliweka kalamu chini. Katika muda mfupi ule, kabla mzee hajamaliza mstari, nilikumbuka jinsi ilivyokuwa. Mabwana shamba walikuwa wameniletea karatasi yenye maagizo matano kwa wakulima, niyatungie wimbo. Manne yalikaa vizuri. La tano lilisema pamba ihifadhiwe mahali pakavu pasipo na vumbi, moshi wala unyevu, na lilikuwa refu, halikuingia kwenye tuni. Nilikuwa na haraka, tulitakiwa kusafiri. Nikafikiria kwetu Ukerewe, mama yangu alivyoning'iniza mahindi ya mbegu juu ya mafiga ili moshi uyalinde na wadudu. Nikaona pamba nayo ni mbegu. Nikaandika juu ya jiko. Mabwana shamba waliusikia wimbo huo ukipigwa mara nyingi, na nadhani kila mara walikuwa wanacheza.

"Huo wimbo ni wa zamani, mzee," karani alimwambia. "Zamani pamba ilikuwa haijui kunusa." Watu kwenye foleni wakacheka. Mzee naye akacheka kidogo, kwa heshima, halafu akanigeukia mimi.

"Labda mwaka huu kuni zilikuwa mbichi," alisema. "Wewe unaonaje, bwana mkaguzi?"

Alinipa nafasi. Nilihitaji maneno matatu tu: wimbo ni wangu. Nilitazama foleni ndefu, nikamtazama karani, nikaona gari la kampuni limesimama chini ya mwinuko na dereva anafunga turubai. Nikainama juu ya kitabu.

"Labda ni kuni," nilinong'ona. Nikaandika fifi, na jina la mzee, na kijiji chake. Wakapokea chao, wakaondoka na baiskeli zao tupu, mke mbele, mume nyuma.

Jumamosi ile nilivuka Kigongo nikiwa nimeegemea chuma cha pembeni mwa pantoni. Maji yalikuwa matulivu na mimi niliyaogopa, jambo la aibu kwa mtu aliyezaliwa kisiwani. Baba yangu alikuwa na msemo kwamba siku ya mwisho mwalimu ataulizwa mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya aliowafundisha. Alikuwa akijisemea mwenyewe, kama katekista. Nilijaribu kuhesabu vijiji tulivyopiga wimbo ule. Nilifika arobaini nikaacha, kwa sababu redio haina vijiji.

Jumapili sikwenda kupokea komunyo. Mke wangu aliniona nimebaki kwenye benchi. Jioni nilikwenda kwa paroko wetu, mzee wa Kihaya aliyekuwa hapendi maneno marefu. Yaliyosemwa kwenye kitubio ni ya Mungu, lakini nadhani naweza kuandika alichoniambia mwishoni, maana kilikuwa changu. Alisema, "Dhambi yako imesamehewa. Pamba bado iko darini." Kisha akaniambia niende kwa amani. Nilikwenda, lakini bila amani.

Jumatatu sikuvuka. Nilikwenda ofisini kwa meneja wa kampuni. Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini na mbili, amesoma, shati lake limenyooka.

"Shikamoo, mzee. Leo hujaenda kituoni?"

"Marahaba. Nimekuja kukuambia kwamba mimi si mkaguzi wa pamba."

Nilimwambia yote, kusimama kwangu jukwaani, lile pengo la idara, vyeo viwili, mke wangu na kikapu, mzee na magunia.  Alivuta faili langu, akalifungua, akalisoma ukurasa baada ya ukurasa kana kwamba sijasema kitu.

"Faili linasema una uzoefu wa miaka kumi na minane."

"Faili linasema uongo."

"Mzee, faili likisema uongo, basi aliyelipitia kabla ya kukuajiri alipitisha uongo. Aliyelipitia ni mimi. Na aliyenipa mimi kazi hii anataka kujua nilifanya nini na kila faili." Alilifunga. "Unataka wangapi wafukuzwe?"

Sikuwa nimefikiri kwamba na yeye anaogopa. Nilimwona mkono wake umebaki juu ya faili, umelibana, kama mtu anayezuia kifuniko cha sufuria inayochemka.

"Sitaki mtu afukuzwe," nilisema.

"Basi rudi kituoni. Umepata malalamiko mangapi? Hakuna. Na nikuambie jambo. Msimu ujao hatutakuwa na mkaguzi hata mmoja. Wenzetu wa kampuni nyingine wananunua safi na fifi kwenye gunia moja, hawaulizi, wanatupita. Kaa pale, mzee wangu, mambo yaishe yenyewe. Haya uliyoniambia mimi sijayasikia."

Nilitoka nje. Kwa majuma matano nilikuwa nimeogopa kugunduliwa, na sasa nilikuwa nimejigundua mwenyewe mbele ya mkubwa wangu, na hakuna aliyetaka kuniona. Nilikuwa bado na kazi. Ningeweza kwenda moja kwa moja Kigongo na kuwahi pantoni ya mchana. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu sasa hakuna ambaye angenifukuza. Ningeondoka mwenyewe au nisingeondoka.

Mke wangu alikuwa anafua nyuma ya nyumba. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamweleza.

"Ukiacha, tutakula nini?" aliuliza.

"Sijui."

"Na ukibaki?"

"Nitaendelea kuogopa."

"Kuogopa hakupungui kwa kuacha kazi, baba watoto. Utaogopa njaa badala ya meneja." Alikamua shati, akalikung'uta. Akamaliza nguo zote za beseni lile. "Nina dada yangu Nansio," alisema mwishowe. "Atanitumia dagaa, nitauza. Haitatosha. Wewe nenda kamshushie yule mzee pamba yake. Ukirudi tutazungumza habari ya kutosha."

Nilivuka siku iliyofuata bila skafu. Kwa karani nilikabidhi kitabu na ufunguo, na nikamwambia sababu kwa sauti yangu ya kawaida. Alivipokea vyote viwili.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Nilicheza wimbo wako kwenye harusi yangu. Na nilikuwa nakupa ushauri wa mafuta ya samaki." Hakucheka. Akaniuliza kama kuna mwingine ninayemjua kwenye kampuni ambaye si alivyoandikwa, nikasema simjui. Akasema, "Mimi nilikuwa mpishi wa bweni," kisha akageuka kupokea gunia.

Kijiji cha mzee kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nilimkuta uani, anashona mshikio wa kikapu. Mkewe alikuwa akimenya viazi. Nilipiga hodi, wakanikaribisha kiti, wakaniletea maji. Walidhani nimetumwa kuleta habari ya bei. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na maneno yote niliyoyaandaa yalinitoka. Nikasema tu kwamba wimbo ule wa pamba niliutunga mimi, na kwamba nilikosea.

Mzee aliendelea kushona mpaka mwisho wa uzi.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi, baba."

"Na siku ile uliponiandikia fifi ulijua?"

"Nilijua ulipoimba."

"Ukasema ni kuni."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi sina hata meno."

Mkewe alicheka, akaendelea kumenya. Kisha akaacha kucheka na kuniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo. Aliuliza ni misimu mingapi imepita tangu wimbo ule. Nilimwambia kumi na moja. Akatikisa kichwa taratibu, akatazama mlango wa jiko.

"Zamani chama kilikuwa kinatuandikia safi hata ikinuka," mzee alisema. "Mkaguzi wao alikuwa shemeji wa watu hapa. Hatukujua tunakosea. Ninyi wa kampuni ndio mmeanza kunusa." Alisimama. "Njoo."

Bado kulikuwa na magunia matatu darini. Nilipanda kwa ngazi ya miti. Giza la kule juu lilikuwa zito na macho yalinitoka machozi kwa moshi. Nikawa nashusha kwa mikono, mafungu kwa mafungu, mzee anapokea, mkewe anatandaza juani juu ya mkeka. Haingeweza kuwa nyeupe tena, wote tulijua. Lakini pamba iliyokuwa bado shambani ingewekwa chumba cha mbele.

Nikiwa kule juu nilipata mstari. Ulikuja wenyewe, bila kuutafuta: weka pakavu, mbali na moshi. Ulikaa kwenye tuni ile ile, silabi kwa silabi. Nilishika boriti nikasimama. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimejiambia kwamba maneno ya kweli hayakuingia. Yaliingia. Nilikuwa sijakaa nayo nusu saa.

Niliposhuka mzee alinipa maji ya kunawa.

"Mimi nikiwaambia majirani waishushe, wataniuliza nani kasema," alisema. "Hawatanisikiliza. Mwenye wimbo ndiye aseme."

Aliwaita. Walikuja watu kama ishirini, wanawake wengi, na watoto. Sikuwa na gitaa, sikuwa na kipaza sauti, sikuwa na wenzangu kumi wa kunizunguka. Niliwahi kuimba mbele ya maelfu na sikuwahi kuogopa watu kama nilivyowaogopa wale ishirini. Niliwaambia kosa langu kwanza. Kisha nikaimba.

Waliufurahia wimbo. Walianza kupiga makofi kabla sijamaliza ubeti wa kwanza, na ubeti wa pili waliimba nami. Nilipofika kwenye mstari wa lile agizo la tano niliimba maneno mapya, na wao kwa furaha yote, kwa sauti kubwa kuliko yangu, wakaimba darini juu ya jiko. Walidhani nimesahau na wananisaidia. Nikasimama, nikaeleza tena, nikaanza upya. Wakaufunika tena. Watoto wale hawakuwa wamezaliwa nilipoutunga, lakini waliujua kuliko mimi.

Mara ya tatu mke wa mzee alinyamaza kwenye mstari ule. Mara ya nne wanawake wawili waliokaa karibu naye walinyamaza pia. Nilishukuru kwa hao watatu. Wengine waliondoka wakiuimba wa zamani njia nzima, na niliwasikia mpaka ng'ambo ya bonde.

Nililala hapo kwa wazee. Asubuhi mzee aliniuliza kama narudi mjini, nikamwambia siwezi kurudi bado. Akachukua fimbo yake, akanitangulia kwenda boma la jirani. Tulipokaribia niliona moshi wa asubuhi ukitoka juu ya jiko lao, mwembamba na mweupe, ukipita kwenye nyasi za paa.  Niliomba kimoyomoyo nipewe sauti, kisha nikapiga hodi.